Riziki ya Wasioliona Jua

Wewe uliyezaliwa pwani huna haja ya kuelezwa habari ya tope la mikokoni. Maji yakipwa, ukikanyaga tope lile jeusi mguu wazama hata karibu na goti, na pale unapouchomoa hupanda harufu kama ya yai viza. Tumezoea kukunja pua na kupita. Lakini yafaa siku moja tusimame tuulize: harufu hii yatoka wapi, na nani aitoaye? Jawabu ni kwamba humo topeni mna viumbe wanaokula na kuishi, na harufu ile ni kama moshi wa jiko lao.

Katika makala haya napenda tuzungumze habari za viumbe hao, vijidudu wasioonekana kwa jicho tupu, ambao hujipatia nguvu mahali pasipofika jua wala hewa. Tutakwenda kwanza mbali sana, chini ya barafu ya ncha ya kusini ya dunia, kisha turejee Bariadi, mkoani Simiyu, ambako mimi mtu wa Pangani ninakaa kwa kazi ya ualimu. Nimechagua habari hii kwa sababu huku Bariadi niliona kwa macho yangu elimu ya vijidudu hawa ikihitajika kwa jambo zito kuliko mtihani wa darasani. Ilihitajika kwa uhai wa mtu.

Tuanze na jambo tunalolijua sote. Kila chakula tukilacho asili yake ni jua. Mpunga na mhogo humea kwa mwanga wa jua, ng'ombe hula majani, nasi twala vyote. Lakini chakula peke yake hakitoi nguvu. Utazame moto wa jikoni: kuni zaweza kukaa uani mwaka mzima zisitoe joto lolote, mpaka zikutane na hewa katika kuwaka. Lazima pawe na kitu kitoacho na kitu kipokeacho, na nguvu hupatikana baina yao. Mwili wa mwanadamu nao ni hivyo hivyo. Wali ni mtoaji, hewa ya oksijeni tunayoivuta ni mpokeaji, na kwa makutano yao twapata joto na uwezo wa kutembea. Ndiyo maana mtu aweza kustahimili njaa siku nyingi, lakini hawezi kukaa bila pumzi hata robo saa.

Vijidudu wao wamepewa uwezo tusiopewa sisi. Pale ambapo oksijeni haipo, wao hutafuta mpokeaji mwingine. Katika tope la mikokoni humtumia salfeti, ambaye ni kibiriti kilichoyeyuka katika maji ya bahari, na mabaki ya kazi yao ni ile hewa inukayo yai viza. Wengine hutumia chuma chenye kutu. Wengine hutumia hewa ukaa, hiyo hiyo tunayoitoa puani, na wakaigeuza kuwa hewa nyingine iwakayo moto, iitwayo methani. Na pale ambapo hata chakula chenyewe kimekosekana, wapo kati yao wanaoweza kumtumia mtoaji asiyekuwa chakula kabisa: chuma, kibiriti, au hewa ya haidrojeni itokayo mawezani.

Sasa twende kwenye barafu. Sisi wa Afrika ya Mashariki barafu tunayoijua ni ile ya Kilimanjaro, na hiyo nayo yatutoka. Mwaka 1912 ilikuwa imefunika kiasi cha kilomita za mraba 12, na ilipofika mwaka 2007 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Lakini katika bara la Antaktika kuna barafu ya unene wa kilomita mbili, tatu, mpaka nne. Chini ya barafu hiyo kuna maziwa ya maji, maana joto litokalo ardhini na uzito wa barafu yenyewe huyafanya maji ya chini yasigande. Ni giza la kudumu. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba huko hakuwezi kuwa na uhai wowote.

Mwezi wa Januari 2013 wataalamu wa Marekani walitoboa barafu ya unene wa mita 800 kwa maji ya moto, wakafika kwenye ziwa waliloliita Whillans. Walipoyachunguza maji yake kwa hadubini waliona vijidudu hai kiasi cha 130,000 katika kila mililita moja, yaani zaidi ya laki sita katika kijiko cha chai. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2014. Hawa wanaishi kwa nini? Wapo wanaotumia amonia, wapo wanaotumia methani, na wapo wanaotumia madini ya chuma na kibiriti yaliyomo katika mawe.

Na huko huko Antaktika kuna mahali ambapo maji mekundu kama damu hutiririka kutoka katika barafu iitwayo Taylor. Bwana Griffith Taylor aliyaona mwaka 1911. Wekundu ule si damu, ni chuma kinachopata kutu mara maji yafikapo kwenye hewa. Mwaka 2009 watafiti walieleza kwamba maji hayo ni ya bahari ya kale, yaliyofungiwa chini ya barafu kwa zaidi ya miaka milioni moja, na ndani yake mna vijidudu wanaoishi kwa salfeti na chuma bila ya oksijeni. Unaona, ndugu yangu, kazi yao ni jamaa ya kazi ifanywayo na wale wa tope letu la mikokoni.

Lakini haidrojeni ya mawe yatoka wapi? Hapa pana jambo ambalo kila mama aliyewahi kutumia jiwe la kusagia atalifahamu upesi. Barafu kubwa haikai pahala pamoja. Huteremka polepole kwa uzito wake, na chini yake hukokota mawe juu ya mawe, yakasagana mpaka yakawa unga. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba jiwe linapovunjika hivyo, sehemu yake mpya iliyo wazi hugusana na maji na kutoa haidrojeni, hata katika baridi ya nyuzi sifuri. Haidrojeni hiyo ni chakula cha wasio na chakula. Kwa hiyo ile barafu tunayoidhani kuwa kaburi ndiyo iwasagiayo wakazi wake riziki.

Basi turejee nyumbani. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, kutoka ule wa Shinyanga kwa sehemu kubwa, na Bariadi ndiyo makao yake makuu. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba, ya majaruba ya mpunga, na zaidi ya yote ni nchi ya ng'ombe. Mtoto wa pwani akifika huku mwezi wa Septemba atashangaa: ardhi nyeusi imepasuka nyufa za kuingia mkono, majani yamekauka yakawa rangi ya mkeka wa zamani, na juu ya nchi hiyo ng'ombe wanatembea, wanakula mabua, na wanaishi. Wewe na mimi tukipewa mabua ya mahindi tutakufa njaa nayo mdomoni. Ng'ombe amewezaje?

Kwa kweli ng'ombe naye hawezi. Tumbo lake kubwa la kwanza, lenye kuchukua madebe kadhaa, ni pipa la vijidudu. Humo ni giza, joto, na oksijeni haimo. Katika kijiko kimoja cha maji ya tumbo hilo wamo vijidudu wengi kuliko wanadamu wote walioko duniani leo. Hao ndio wenye kuyavunja mabua, na katika kuyavunja hutoa asidi nyepesi ambazo ng'ombe huzifyonza zikawa nguvu yake. Hatimaye vijidudu wenyewe husukumwa kwenda matumbo ya mbele, wakasagwa, wakawa nyama na maziwa. Na haidrojeni inayobaki huchukuliwa na kundi jingine wanaoitumia pamoja na hewa ukaa, wakatoa methani, ambayo ng'ombe huicheua nje kutwa kucha. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox wa Marekani walionyesha kwamba kundi hili la watoa methani si bakteria wa kawaida, bali ni taifa lao peke yao, ambalo leo huitwa arkea. Jamaa zao wameonekana chini ya barafu, wapo chini ya maji ya Ziwa Kivu huko Kongo na Rwanda, na wapo katika jaruba la mpunga: chomeka fimbo katika tope lake uone mapovu yakipanda.

Mtaalamu mkubwa wa habari hizi alikuwa Mmarekani Robert Hungate, aliyetafuta njia ya kuwalea vijidudu hawa ndani ya chupa zisizoingia hewa, maana hewa tunayoivuta sisi kwao ni sumu. Kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya tumbo hilo wataalamu wa mifugo wangali wakikitaja.

Jambo moja la hawa watu wa tumboni lazima ulishike, kwani ndilo lililoleta habari ninayotaka kukuhadithia. Wao huzoea chakula chao. Ng'ombe aliyekula mabua miezi minne, tumboni mwake mmejaa wavunjaji wa mabua. Akipewa ghafula nafaka nyingi, huamka kundi jingine, wale wapendao wanga, wakazaana kwa saa chache na kutoa asidi kali. Asidi hiyo huwaua wale wa kwanza, huchubua ngozi ya ndani ya tumbo, na huvuta maji ya mwili kuingia tumboni. Ng'ombe husimama ameduwaa, akakataa kula, akaharisha, akaanguka, na baada ya siku moja au mbili hufa. Kwa nje hana jeraha, wala hakuumwa na nyoka.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 jirani yangu mmoja, mzee mwenye heshima zake, alipoteza ng'ombe watatu kwa siku mbili. Walikuwa bora wa zizi lake, na mmoja alikwisha kumwekea mwanawe kwa mahari. Aliponiita nikamkuta ameketi kwenye kigoda, na vijana wake wamesimama nyuma yake, hakuna asemaye.

Nikamwamkia, nikampa pole. Akanijibu, "Mwalimu, ng'ombe watatu hawafi bure."

Nami nilielewa mara moja maneno hayo yanaelekea wapi. Katika boma lile alikuwamo bibi mmoja, mjane wa marehemu baba yake, yaani mama yake wa kambo. Bibi huyo alikuwa na macho mekundu. Ndugu msomaji, huenda kwako wewe macho mekundu ni maradhi tu. Lakini katika nchi hizi za Shinyanga, Mwanza na Simiyu, kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga usiku kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yamekuwa ndiyo ushahidi. Sheria ya nchi juu ya uchawi ipo tangu mwaka 1928, lakini panga la usiku halisomi sheria. Na mmoja wa wale vijana alikwisha kusema kwamba kesho yake watakwenda kupiga ramli.

Nilimwambia, "Mzee wangu, ramli haikimbii. Mwite kwanza bwana mifugo apasue tumbo mbele yenu nyote, kisha mseme mtakalo."

Akanyamaza kitambo, halafu akakubali. Usiku ule mke wangu alimwendea bibi, akamwambia, "Mayu, njoo ulale kwetu, nina mgonjwa wa kunisaidia." Mgonjwa hatukuwa naye. Bibi alielewa, akachukua kanga yake na kopo lake la maji, akaja. Hakulala. Wala sisi hatukulala.

Asubuhi bwana mifugo akaja, akampasua ng'ombe wa mwisho kufa. Tumbo lilipofunguka likatoa harufu kali ya kuchachuka, kama ya togwa lililopitiliza siku zake, na ndani yake yamejaa mahindi matupu yakielea katika maji. Ngozi ya ndani ilichunika kwa kuguswa na kidole. Bwana mifugo akauliza mahindi yametoka wapi. Hapo kijana mdogo kuliko wote, mchungaji, akasema kwamba usiku wa siku tatu nyuma ng'ombe walivunja ua wa miba, wakakiangusha kihenge kimoja, naye alikirudishia kabla baba hajaamka kwa kuogopa viboko.

Nikapewa nafasi ya kueleza, nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe: kwamba tumboni mwa ng'ombe mna raia, na raia hao wameuawa na mahindi. Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Mfugaji aliyekaa na ng'ombe tangu utoto anajua kwamba tumbo la ng'ombe lina uhai wake, ila hakuwa amepewa majina. Yule mzee akainama, akaokota konzi ya mahindi yaliyotoka tumboni, akayatazama sana. Kisha akamgeukia mwanawe mkubwa akamwambia, "Nenda kamchukue mama yako nyumbani kwa mwalimu. Mchukulie na mzigo wake."

Sitakuambia kwamba siku hiyo imani ya uchawi ilitoka katika boma lile. Mwanawe mkubwa hata leo husema, "Sawa, waliuawa na mahindi, lakini nani aliwapeleka kwenye kihenge?" Hilo ni swali la zamani, wala halikuanzia kwa Wasukuma. Lakini bibi yu hai, na hilo kwangu latosha.

Tumalize na yale macho mekundu. Miti ya nchi hii ilikwisha kukatwa sana zamani, na ijapokuwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 uliwarudisha watu wengi katika desturi yao ya ngitili, yaani kutenga malisho yenye miti yapumzike, kuni bado ni shida. Wanawake hupikia mabua ya pamba na samadi kavu, ndani ya vibanda visivyo na dirisha. Mwanamke aliyepuliza moto huo miaka hamsini, macho yake yatakuwaje ila mekundu? Alichokipata kwa kuwapikia watoto ndicho kikawa hatia yake uzeeni.

Na ajabu ni kwamba dawa ya moshi huo ipo kwa vijidudu wale wale. Samadi ya ng'ombe wachache ikichanganywa na maji na kufungiwa katika shimo lililojengwa kwa saruji lisiloingia hewa, watoa methani huendelea na kazi yao, na ile hewa hupelekwa kwa bomba mpaka jikoni ikawaka bila ya moshi. Tope linalobaki ni mbolea njema. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikifundisha ujenzi wa mitambo hiyo kwa miaka mingi. Jirani yangu alijenga wake mwaka 2023, na bibi sasa hupikia humo, akilalamika kwamba ugali wake hauna harufu ya moshi.

Kwenu wa pwani nami nina nasaha mbili. Ninyi wa Tanga na kwingineko wenye ng'ombe wa maziwa, msibadili chakula cha ng'ombe ghafula. Pumba na nafaka ziongezwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hivi, ili raia wa tumboni wapate kuzoea, na ghala lifungwe vizuri. Na ya pili ni kubwa zaidi: mtu yeyote asiteremke katika shimo la choo, kisima cha zamani au mtambo wa samadi bila wataalamu na vifaa vyao. Hewa za vijidudu hukaa humo zikiwa zimeifukuza oksijeni, na mara nyingi aliyeteremka kumwokoa mwenzake hufa pamoja naye. Baada ya msiba watu husema shimo lina jini.

Na hapa ndipo ninapotaka tuzingatie, ndugu msomaji. Tumeona kwamba hata aliye chini ya mita mia nane za barafu hakusahauliwa riziki yake, na kila mmoja kapewa njia yake ya kuipata. Sisi nasi tumepewa akili ya kupasua tumbo na kutazama kilichomo kabla ya kunyosha kidole. Dini imetukataza dhana mbaya, na dhana mbaya huota pale ambapo hatukutazama. Kwetu pwani hatuna mapanga ya vikongwe, lakini ni nyumba ngapi zimevunjika, ni jamaa wangapi hawasalimiani, kwa sababu mtoto aliugua au duka lilifilisika na mtu akanong'ona jina la wifi au la jirani? Siku utakaposikia jina likinong'onwa namna hiyo, usilipokee wala usilipeleke mbele. Uliza kwanza kama bwana mifugo amekwisha kuitwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.